Jinsi Hammett Alivyouficha Moyo wa Sam Spade

Simu inalia gizani. Springi za kitanda zinalalamika, vidole vinapapasa juu ya mbao, kitu kidogo kigumu kinadondoka kwenye zulia, na sauti ya mwanamume inajibu kwa maneno ya mkato. Msomaji anasikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini anaelewa kwamba mtu amekufa. Taa inapowashwa, Sam Spade anakaa na kusokota sigara.

Hapo ndipo Dashiell Hammett alipofanya jambo la ajabu. Aya nzima ya sura ya pili ya The Maltese Falcon inafuata vidole vikitandaza tumbaku kwenye karatasi, vikiisawazisha na kuiviringisha, mpaka ulimi unapolowesha ukingo. Aliyeuawa ni Miles Archer, mshirika wa Spade katika ofisi yao ya upelelezi mjini San Francisco. Hakuna sentensi hata moja inayosema kwamba Spade ana huzuni, ana hofu au amepata nafuu. Tunaoneshwa mikono, basi.

Riwaya hii ilitoka kwanza kwa mfululizo katika jarida la Black Mask, kuanzia Septemba 1929 hadi Januari 1930, na mwaka huohuo wa 1930 ikawa kitabu. Kutoka mwanzo hadi mwisho, msimulizi wake haingii ndani ya kichwa cha mtu yeyote. Anaripoti uso, sauti, mavazi, mwendo. Ni rahisi kudhani kwamba Hammett aliandika hivyo kwa mazoea ya kazi, kwa kuwa alianza kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton mwaka 1915, na ripoti ya mpelelezi husema kilichoonekana na kilichosikika. Mazoea hayo yalimsaidia, bila shaka. Lakini hadithi zake nyingi za awali katika jarida hilohilo, pamoja na riwaya ya Red Harvest ya 1929, zilisimuliwa kwa nafsi ya kwanza na mpelelezi asiye na jina. Kwa hiyo alikuwa na njia nyingine mkononi, aliyoizoea na iliyompa wasomaji. Aliiacha kwa makusudi.

Sababu inaonekana ukiifuata kesi yenyewe. Spade anapofika uchochoroni karibu na Bush Street, polisi anamwalika aitazame maiti kabla haijaondolewa, naye anakataa. Anamwachia katibu wake, Effie Perine, kazi ya kumpelekea mjane habari. Kesho yake anaagiza jina la Archer lifutwe mlangoni. Asubuhi hiyohiyo mjane, Iva, anakuja ofisini, na tunagundua kwamba yeye na Spade ni wapenzi. Anamuuliza Spade kama ndiye aliyemuua mumewe. Polisi nao wana swali hilohilo. Msomaji hana pa kukimbilia: mtu anayepaswa kutafuta muuaji ana sababu zote za kuwa muuaji. Msimulizi wa nafsi ya kwanza asingeweza kuujenga wasiwasi huo bila kudanganya, maana angelazimika ama kusema anachojua ama kukificha waziwazi.

Faida ya pili ni kubwa zaidi, na haisifiwi inavyostahili. Usiku ule wa mauaji, polisi anataja mambo mawili kama ya kawaida: bastola ya Archer ilikuwa bado kiunoni, na koti lake lilikuwa limefungwa vifungo. Maneno yanapita, hakuna anayeyawekea mkazo. Mwishoni kabisa Spade anayarudia mbele ya Brigid O'Shaughnessy, mteja aliyewaajiri na mwanamke ambaye huenda anampenda. Mpelelezi mzoefu hawezi kuingia gizani akiwa hivyo kumfuata mwanamume hatari. Angeingia hivyo na mteja mrembo aliyemwamini. Brigid ndiye aliyefyatua. Ushahidi ulikuwa mezani tangu sura ya pili. Kilichofichwa ni hesabu ya Spade peke yake.

Hata anapomtajia Brigid sababu saba za kumkabidhi kwa polisi, tunasikia maneno ya mtu aliyedanganya watu kitabu kizima. Je, anampenda? Je, anajishawishi mwenyewe? Hammett hatusaidii, na uamuzi huo ndio unaokifanya kitabu kisomwe tena na tena hata na wanaomjua muuaji. Mafumbo mengi ya upelelezi hufa siku yanapofumbuliwa. Hili linabaki hai kwa sababu fumbo lililobaki ni la mtu.

John Huston alipotengeneza filamu ya kitabu hiki mwaka 1941, Humphrey Bogart akiwa Spade, alichukua sehemu kubwa ya mazungumzo moja kwa moja kitabuni. Hilo halishangazi, kwani kitabu kilikuwa tayari kimeandikwa kwa macho na masikio. Hammett mwenyewe aliirudia mbinu hii katika The Glass Key ya 1931, safari hii akimfuata Ned Beaumont, mtu wa karibu wa bwana mkubwa wa siasa.

Anayeandika hadithi za upelelezi leo na akamaliza The Maltese Falcon, airudie sura ya pili papo hapo, kalamu mkononi, apige mstari chini ya kila ushahidi ambao Hammett alimwonesha na yeye akaupita.