Bodi Kwanza, Injini Baadaye

Ukitaka gari la kale la kufufua hapa Kenya, usipoteze muda kutazama bandarini. Gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane kwa kawaida haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo lako liko hapahapa, limelala kwenye boma la mtu. Mimi ningeanzia Ukambani: Wote, Kibwezi, Mutomo, Mwingi, kwa walimu wakuu na machifu waliostaafu. Ferrari hutaiona. Utaona Peugeot 504, Datsun 160J na, ukibahatika, 1600 SSS. Anayeyacheka kuwa ni magari ya kupeleka watoto shule akumbushwe kwamba Edgar Herrmann alishinda Safari Rally ya 1970 kwa 1600 SSS, Ove Andersson akashinda ya 1975 kwa 504, naye Shekhar Mehta akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun za familia ya Violet, ndugu wa hizo 160J.

Sababu ya kwenda Ukambani ni ukame. Chumvi ya pwani hula bati usiku na mchana. Joto kavu la Kitui huliacha. Swali la kwanza basi si gari limetembea kilomita ngapi, ni limeishi wapi. Mzee aliyefanya kazi Mombasa miaka ishirini kisha akastaafu Kibwezi alirudi na gari lake, na kutu yake pia.

Swali la pili watu wengi hawaulizi: limeegeshwa chini ya nini? Gari lililochomwa na jua mahali pa wazi hutisha kwa macho. Dashibodi imepasuka, raba za madirisha zimekuwa unga, rangi imekufa. Lakini bati mara nyingi liko salama. Lile lililotunzwa chini ya mwembe kule Makueni hupendeza zaidi, nalo ndilo la kuogopa. Majani huanguka na kujaa kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapotokea, yakaziba matundu ya kutolea maji. Mvua za Novemba zikija, maji hayana pa kwenda. Hukaa pale, yanaoza pamoja na majani, kisha hupenya nyuma ya dashibodi hadi sakafuni. Fungua boneti, zoa majani kwa mkono, bonyeza bati kwa bisibisi. Likibonyea kama kadibodi, shukuru kwa chai uliyopewa na uage.

Likikaza, endelea chini. Nyanyua mkeka wa dereva na wa abiria, na gurudumu la spea kwenye buti. Chokoa udongo mwekundu uliogandamana ndani ya matao ya magurudumu, maana hushika unyevu wiki nzima baada ya mvua kuisha. Kisha chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, na uipitishe taratibu kwenye vizingiti vya milango. Isiposhika, hapo kuna fila badala ya chuma. Mwishowe fungua mlango wa dereva: ukishuka kidogo mara tu unapoachia, ni bawaba zimelika, au, jambo baya zaidi, nguzo inayozishika imeoza.

Injini isikusumbue sana. Ya 504 ina slivu zinazotoka na kubadilishwa, na fundi mwenye subira huifufua hata ikiwa imekwama: toa plagi, mimina mafuta kwenye silinda, acha ilale, kesho ijaribu kwa spana. Adui wake ni joto, kwa kuwa hedi ni ya aluminiamu. Maji ya radieta yakiwa na rangi ya maziwa ya chai, punguza bei, usikimbie.

Vinavyokosekana ndivyo ghali. Bampa za nikeli, vioo vya taa za nyuma, mapambo ya grili: hivi unaweza kuvisaka kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, mpaka viatu viishe. Gari kamili lililokufa ni bora kuliko linalowaka na halina taa.

Halafu kuna hadithi. Kila gari la zamani huku lina mtu wa kuapa kwamba lilikimbia Safari. Tafuta matundu sakafuni palipofungwa mabomba ya kinga, viungo vya bodi vilivyoongezewa welding, alama za bamba la kulinda injini. Usipoviona, lipa bei ya gari la mwalimu.

Mwisho, karatasi. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya logbuku, tarakimu kwa tarakimu. Logbuku ikiwa na jina la marehemu, kitinda mimba wake atakuambia, "Chukua tu, boss, sisi wote tumekubaliana." Usichukue. Kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa hati ya usimamizi wa mirathi ni kosa kisheria, na uhamisho kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, humtaka mwenye jina aukubali, jambo ambalo marehemu hawezi. Acha ahadi kwa mama wa boma, na familia ianze safari ya mahakama.

Ukirudi kuchukua gari, mwombe mama akufungulie stoo. Vifuniko vya magurudumu, jeki na kitabu cha maelekezo mara nyingi viko nyuma ya magunia ya pojo, na hakuna aliyekumbuka kuvitaja. Njoo na lori lenye winchi, kwa sababu breki zitakuwa zimeshika na kamba itang'oa bampa uliyoisifu.