Ufundi Kabla ya Kafi

Reli ya Kindu hadi Kongolo, mashariki mwa Kongo, ina urefu wa kilomita 355, ilimalizika mwaka 1911, na iliwekwa kwa sababu ya mawe. Kati ya miji hiyo mto Lualaba unabanwa na kuporomoka, tena vibaya sana pale Mlango wa Jehanamu, baada tu ya Kongolo, na meli haipiti. Mizigo ikashushwa, ikapakiwa kwenye garimoshi, ikarudishwa mtoni ng'ambo ya hatari. Watu wa mitumbwi hawakungoja reli iwafundishe hilo: kabla hujaondoka, ujue utatoka majini wapi na utarudi wapi. Huo ndio ufundi mkuu wa maji makali, nami nausifu kuliko nguvu za mikono.

Sisi wa Kindu tunavuka kwenda Alunguli, ng'ambo ya pili, kila siku, na ni rahisi kudhani tumekwisha kuujua mto. Lakini maji ya hapa ni mapana na tulivu. Mto Elila ni jambo lingine: unazaliwa katika milima ya Itombwe, Kivu Kusini, unapasua msitu hadi kuingia Lualaba kaskazini ya mji wetu. Anayepanga safari ya mto wa namna hiyo haangalii mawingu yaliyo juu ya kichwa chake. Anauliza habari za mvua ya milimani, kwa maana jua linaweza kuwaka Kindu huku mafuriko ya juzi yakiwa bado njiani.

Kisha inakuja kazi ya macho, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Mto ukionekana umekatika mbele, na ng'ambo ya ule mstari unaona vilele vya miti tu, unakwenda kando mara moja. Unafunga mtumbwi, unatembea ukingoni mpaka uone poromoko lote, halafu unaligeukia ulitazame kutoka chini, kwa kuwa ukiwa juu mengi yanafichika. Unatafuta ulimi: maji laini, meusi, yanayochongoka kuelekea mteremkoni katikati ya povu. Hapo pana kina. Ncha ikielekea juu, jiwe limelala chini yake. Nyuma ya jiwe kubwa maji hugeuka yakapanda, na hapo mtu anaweza kupumua na kupanga hatua inayofuata. Mwisho unatupa kijiti. Kikimezwa kisitoke, mtumbwi unabebwa nchi kavu, na asiwepo wa kuona haya.

Januari 1877 msafara wa mpelelezi Stanley ulipofika kwenye maporomoko saba ya Boyoma, kwenye Lualaba huu huu, mitumbwi iliburutwa msituni kwenye njia zilizofyekwa kwa shoka. Safari ile ilimwaga damu nyingi, siitukuzi. Ila wale waliofyeka na kuburuta, ambao majina yao hayatajwi sana, ndio waliopitisha msafara.

Na mpango mzuri haumalizi hatari. Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyeongoza msafara wa Nile kutoka chanzo hadi baharini mwaka 2004, alichukuliwa na mamba Desemba 2010 kwenye Lukuga, mto unaotoka Ziwa Tanganyika kuingia Lualaba. Wenzake wawili walikuwa wakipiga makafi karibu naye kabisa, kwa kuwa wote walijua mamba wapo. Namtaja kwa heshima. Kifo chake kinanifanya niamini zaidi maneno ya mvuvi anayelala kando ya dimbwi lile lile kila usiku.

Kwa hiyo kijana wa Maniema anayetamani kushuka Elila, ningependa aanze kwa kuupanda, kwa pikipiki na kwa miguu, kijiji kwa kijiji. Awaulize wavuvi hali ya usalama, mamba wanakaa wapi, mawe gani hujitokeza kiangazi cha Juni hadi Agosti, na njia zipi za kubebea mtumbwi bado hazijafunikwa na msitu.