Miti Miwili, Sanamu Moja

Mafundi wa kukereza mbao hupenda kuonyesha ubingwa kwa pete mbili zilizoshikana, zote zimetolewa katika gogo moja bila kiungo, na wengi huzinunua kuwapa maharusi. Ufundi huo hauna mjadala. Ila kwa Wameru na Waembu ishara yenyewe ina walakini: kwa mila zao mtu haoi ndani ya ukoo wake, na kwa Wameru hata koo zilizofungwa na gichiaro, yaani undugu wa kiapo, hazioani, ingawa hazitoki damu moja. Pete za gogo moja ni ndugu. Anayetaka kukereza ndoa aanze na miti miwili.

Miti ya kuchagua ipo. Muuru ni mti wa asili wa misitu ya Mlima Kenya, upande wa Meru, Chuka na Embu. Mukima, yaani grevilea, asili yake ni Australia, nao sasa umejaa mashambani kando ya kahawa na chai. Ubao wa kwanza ni wa kahawia hafifu, wa pili una wekundu na madoadoa. Zikiunganishwa kwa gundi na kuzungushwa kwenye mashine, patasi hupita kwenye muuru, ikavuka kiungo na kuingia kwenye mukima katika mzunguko uleule, na fundi hana budi kunoa makali yatakayoifaa miti yote miwili. Mtu atasema kilichogundishwa kitabanduka. Kitabanduka kama mbao zilikuwa mbichi. Mti unapokauka hupungua zaidi kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea kiini, ndiyo maana bakuli lililokerezwa bichi hugeuka umbo la yai. Mbao mbili zilizokaushwa hadi zikalingana, zikaunganishwa ubavu kwa ubavu, hupasuka pengine kabla ya kiungo chenyewe kuachia.

Pingamizi zito zaidi ni la wazee: ndoa ya Kimeru ina ishara zake, kondoo, ng'ombe, asali, na kule Igembe kifurushi cha miraa kiitwacho ncoolo. Sanamu ya nini? Ni kweli haiwezi kuchukua nafasi ya ruracio, yaani mahari. Hata Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema mahari kidogo ya ishara yatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Haitaji mapambo ya sebuleni. Lakini asali hunywewa ikaisha, na hiyo asali ilitoka kwenye mizinga ya magogo yaliyochongwa kwa mkono, kwa hiyo mchonga mbao si mgeni katika arusi hizi. Kuhusu muuru, ambao umo katika orodha ya miti iliyo hatarini, hakuna haja ya kuangusha hata mmoja: vipande vinavyobaki kwa maseremala wa samani vinatosha. Wewe unayeagiza, muulize fundi mbao zimekauka kwa muda gani kabla ya kumuuliza bei. Akikwambia mti ulikatwa wiki jana, tafuta zawadi nyingine.