Gitaa Kwanza, Maneno Baadaye: Mwenda Jean-Bosco na Mipaka ya Uhakiki wa Matini

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuanza na neno. Tukipewa wimbo, tunaunukuu, tunaupanga katika mishororo, kisha tunatafuta vina, mizani na tamathali. Utaratibu huo umetufaa katika utenzi na taarabu. Kwa Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, unaiacha nje ya ukurasa kazi yenyewe.

Hugh Tracey alipomkuta Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, Mwenda alikuwa karani kijana, mzaliwa wa Bunkeya. Mji huo uliishi kwa shaba. Wafanyakazi wa migodi walitoka Kasai, Rwanda-Urundi na kwingineko, na Kiswahili, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya pili, ndicho kilichowakutanisha. Mtunzi wa mji wa namna hiyo hakuwa na hadhira iliyolelewa katika bahari moja ya ushairi. Naona ni hapo gitaa lilipopata mamlaka yake: lilieleweka kabla ya maneno.

Sikiliza “Masanga”. Kidole gumba kinashika nyuzi za chini, cha shahada kinajibu juu, na msikilizaji huapa kwamba wapigaji ni wawili. David Rycroft, aliyeandika noti za vipande vya Mwenda katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, alivichunguza kama ubunifu wa papo kwa papo: wazo moja linarudi, lakini halirudi vilevile. Basi kutunga hakukuishia nyumbani kabla ya kurekodi, kuliendelea vidoleni. Mhakiki anayedai “matini kamili” ya kazi kama hii anadai kitu ambacho mtunzi hakukiacha.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni letu wanaisimu. Tunaponukuu nyimbo za Katanga kwa ajili ya diwani na vitabu vya shule, tunazisanifisha kimyakimya. “Bintu” inakuwa “vitu”, “iko” inakuwa “ni”. Badiliko la kwanza linafuta mahali. La pili linavunja muziki. “Iko” ina silabi mbili, “ni” ina moja: pigo la gitaa linabaki bila neno lake, kisha tunamlaumu mwimbaji kwa mizani iliyochechemea. (Nimewahi kusoma lawama hiyo katika tasnifu nzuri kwa mengine yote.)

Jambo hili si la wapenda santuri peke yao. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na tangu mwaka 2022 nchi hiyo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mitaala ya pamoja inazungumzwa. Hofu kwamba mwanafunzi atachanganyikiwa ina uzito katika shule ya msingi, ambako usanifu bado unajengwa. Katika chuo kikuu haina. Huko wimbo uchapishwe ulivyoimbwa, maelezo ya Kiswahili sanifu yawekwe pembeni, na rekodi isikilizwe darasani. Za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Na katika kamati ya kunukuu, pamoja na mwanaleksikografia, aketi Mkatanga anayejua kupiga gitaa.