Kijito cha Ihithe na Mto wa Kawangware: Mshangao wa Mtu Mzima katika Unbowed

Ni rahisi kuisoma tawasifu ya Wangari Maathai, Unbowed (2006), kama hati ya kisiasa na kuyapita haraka masimulizi ya utoto. Humo mna mtoto wa Ihithe, Nyeri, aendaye kijitoni kuteka maji, akatia mikono chini ya majani ya nduma kuokota mayai ya vyura, akiyadhani ni shanga za kuvaliwa shingoni. Shanga hizo zilimponyoka kila mara. Maathai aliirudia taswira hiyo mjini Oslo mnamo Desemba 10, 2004, alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani, na hapo pia akaikamilisha kwa kijito kilichokauka.

Mpangilio huu una tatizo. Kwa mujibu wake, mshangao ni mali ya utoto, na mtu mzima amebakiziwa huzuni na kazi. Je, msomaji aliyezaliwa Kawangware atasimama wapi? Mto Nairobi upitao baina ya mtaa wake na Kangemi haukumpa shanga yoyote. Aujua kwa harufu na kwa mifuko iliyonasa kingoni. Hana pepo ya kuikumbuka. Katika Going Down River Road (1976) ya Meja Mwangi, ambamo kibanda cha Ocholla kimo karibu na mto huohuo, maji ni sehemu ya dhiki, sawa na matope. Hata jina la Kibera, ambalo kwa Kinubi lilimaanisha msitu, halimjengei mpita njia taswira ya mti.

Jibu limo katika mugumo. Mama alimkataza bintiye kuokota kuni za mti huo kwa kuwa ni mti wa Mungu, na mtoto akatii. Ni baadaye sana, akiwa msomi (alipata shahada ya uzamifu mwaka 1971), ndipo msimulizi atambuapo kwamba mizizi ya mugumo ilihusiana na maji yaliyo chini ya ardhi. Mtoto alikuwa na shanga na mwiko, vitu viwili visivyojuana. Mtu mzima ndiye aviunganishaye, na mshangao wake huzaliwa katika kuunganisha huko. Mshangao huu una uchungu, maana umefika wakati mti umekwisha kukatwa. Lakini ni mpana kuliko ule wa kwanza, ambao haukujua ulichokuwa ukikishika. Inasikitisha kwamba Maathai hakai hapo. Nathari yake yakimbilia miche na harakati ya Green Belt iliyoanza mwaka 1977. Pengine mwanaharakati alimnyima msanii nafasi.

Kwa usomaji huu, msomaji wa Kawangware hahitaji utoto wa Ihithe. Mto wake huanzia kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, ambako maji ya chini ya ardhi hujitokeza chini ya zulia la mimea lielealo. Taka zilizomiminwa njiani hazikuubatilisha mwendo huo. Ajuaye hilo, avukapo daraja asubuhi kwenda kibaruani, huyatazama maji yaleyale meusi na kuuliza yametoka wapi, kisha ni nani aliyeyafanya yawe hivyo. Na swali la pili lina makali zaidi kwa sababu ya lile la kwanza.