Vitundu Kama Mpaka: Uhakiki wa Uainishaji wa Kuvu za Ukoko za Afrika Mashariki

Kitabu cha Leif Ryvarden na I. Johansen, A Preliminary Polypore Flora of East Africa (1980), kingali rejea muhimu kwa anayechunguza kuvu za miti katika ukanda huu. Sehemu hii inahoji jambo moja tu, nalo ni mpaka wake.

Ndani ya mpaka huo kazi ni imara. Waandishi hawaridhiki na rangi wala umbo. Wanauliza iwapo nyama ya kuvu imejengwa kwa hifa za kuzalisha pekee, au ina pia hifa za kiunzi na za kufungia. Spora hupimwa, kisha hutiwa iodini ili kuona kama zitabadilika rangi. Hayo ni maswali ya hadubini. Hata hivyo, swali la mlangoni, linaloamua kipi kiingie kitabuni, ni la macho matupu: je, kuvu ina vitundu?

Tuseme mtafiti wa Kwa Mrombo, jijini Arusha, anageuza gogo bovu la mgrevilea na kukuta chini yake ukoko mweupe, laini. (Neno "ukoko" linafaa kuliko "gamba": kuvu hizi hushika mti kama wali ulioshika sufuria.) Kwa kuwa hauna vitundu, kitabu kinamrudisha. Itambidi atafute makala za Kurt Hjortstam katika jarida la Mycotaxon, za miaka ya 1980, zilizochunguza vielelezo vya Afrika Mashariki vilivyokusanywa na Ryvarden huyohuyo.

Anatomia haiutambui mgawanyo huo. Schizopora paradoxa ina vitundu, ilhali spishi nyingi za Xylodon zina uso laini au wenye vimeno. Chini ya hadubini zote zina hifa zenye vifundo, sistidia zenye kichwa na spora laini zenye kuta nyembamba. Leo ya kwanza huitwa Xylodon paradoxus. Mwaka 2007, K.-H. Larsson alionyesha kwa DNA kwamba kuvu za ukoko zimetawanyika katika oda nyingi. Ukoko, basi, ni namna ya kuota, si ukoo.

Mtetezi atasema kwamba ufunguo hauna budi kuanza na kinachoonekana msituni. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama hatua zinazofuata zisingedai hadubini. Mtafiti aliyekwisha kukata kipande chembamba na kukitia tone la potasi amelipa gharama yote. Kumrudisha kwa kukosa vitundu ni kuacha kielelezo chake ndani ya bahasha, bila jina.