Chini ya Irente Kuna Mazinde

Maandishi yetu ya kupanda milima yana ugonjwa mmoja: yote yanaishia kileleni. Mwandishi anaamka alfajiri, anapanda, anahema, anakaribia kukata tamaa, anafika, anatazama chini, anajiona mdogo mbele ya Muumba, anapiga picha. Kisha maneno yanamwishia. Nimesoma mengi ya aina hiyo nikiandaa tasnifu yangu ya uzamili kuhusu masimulizi ya safari katika mkoa wa Tanga, na siku hizi naweza kuibashiri aya ya mwisho nikiwa bado kwenye ya pili. Futa jina la Usambara, weka Uluguru au Taita. Hakuna sentensi itakayolalamika.

Nichukue Irente, kwa sababu ndiko karibu kila anayefika Lushoto anakopelekwa. Toka mjini ni mwendo wa kama kilomita 6. Unapita kwenye mashamba ya mahindi na maharage, unapita shamba la kanisa wanapouza jibini na mkate wa ngano nyeusi, halafu ghafla ardhi inakatika. Mbele ya vidole vyako vya miguu hakuna kitu, na karibu mita 1000 chini yako kuna Mazinde: mabati yanayong'aa, mistari ya mkonge, reli, barabara kuu ya kwenda Moshi yenye malori madogo kama wadudu. Baada ya hapo ni nyika hadi macho yachoke. Tanga ni mkoa wa pwani, lakini ukisimama pale bahari iko mgongoni mwako. Unatazama bara.

Basi waandishi wetu wanaitazama nyika ile na kuandika nini? Kwamba ni tupu. Kwamba ni kimya. Kwamba haina mwisho. Wengine husema Usambara ni Uswisi ya Afrika, sifa ambayo nimeikuta mara nyingi kiasi kwamba nawahurumia Waswisi. Neno linalobeba kazi yote ni "mandhari", na mandhari, kwa jinsi tunavyolitumia, ni kitu kisicho na watu. Mtu akitokea ndani yake anakuwa mtoto anayepunga mkono au mama mwenye kuni kichwani, yupo ili picha isipwaye.

Shida yangu na jambo hili si ya kimaadili tu. Ni ya kifasihi. Ukiandika kwamba Mazinde ni nukta inayong'aa chini ya mwamba, umeikosa hadithi kubwa kuliko zote ambazo mwamba ule ungeweza kukupa.

Wasambaa hugawa nchi yao mara mbili: shambaai, yaani mlimani, kwenye ubaridi, migomba na mvua, na nyika, kule chini kwenye joto, ukame na maradhi. Katikati ya karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai alitawala akiwa Vuga, juu milimani, na nguvu yake ilikuwa ya mlimani. Mfalme ndiye aliyeshika mvua. Kisambaa kina usemi wa kuzifya shi, kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu, na mfalme alipimwa kwa hayo mawili. Lakini mwanawe mmoja, Semboja, aliteremka. Akajenga Mazinde, pale pale chini ya Irente, kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani. Kule nyikani hakukuwa na mvua ya kutawala, ila kulikuwa na pembe za ndovu, bunduki na baruti. Kimweri alipofariki katika miaka ya 1860, mjukuu wake Shekulwavu alirithi Vuga. Semboja akamfukuza, akamweka mwanawe mwenyewe juu ya kiti, naye akabaki Mazinde. Fikiria uamuzi huo: ameuteka mlima, na hakuuhamia. Enzi ilikuwa imeshashuka. Vikafuata vita vya miaka mingi, vijiji vikavamiana, na watu wa shambaai wakashushwa nyikani kuuzwa.

Hiyo ndiyo "nukta inayong'aa".

Kitabu kinachojua habari hizi kwa Kiswahili kimekuwepo muda wote. Ni *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kilichochapwa kwanza kwa sehemu sehemu na wamisionari wa Magila. Mwandishi alikuwa mtu wa pwani aliyemjua Semboja kwa karibu, yaani, kwa namna fulani, aliutazama mlima toka chini. Nakirudia kila ninapochoshwa na vilele vya wenzangu. Kina safari nyingi mno za kupanda na kushuka, na karibu hakina mandhari. Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu baada ya ndugu zake kumnyima urithi, anaingia Usambara akifuata nguruwe pori, na tunachojua kuhusu kila kilima anachofika ni nani anaishi pale, anakula nini, na kama atabadilishana nyama kwa chakula cha shambani. Urefu wa mlima haupimwi kwa mita. Unapimwa kwa siku za kutembea, kwa nani alikukaribisha, kwa kama ulilala njaa.

Sisemi kitabu hiki hakina kasoro. Ni tarehe ya ukoo unaotawala, na kinaupenda ukoo huo kuliko inavyopasa. Raia hujitokeza zaidi wanapohitajika kubeba, kupigana au kushangilia. Wanawake huonekana kwa nadra, na wakionekana ni wake au mama za wakubwa. Lakini hata katika upungufu huo, hakuna anayesimama juu ya jabali akajisikia vizuri bila sababu. Kila kimo kina kazi.

Mtu anaweza kuniambia kwamba tabia ya kuutazama mlima kama picha tumeiazima kwa wazungu wa kwanza. Nusu ya kweli. Richard Burton alipanda hadi Vuga pamoja na Speke Februari 1857, wakitokea Pangani, na habari hizo ameziweka katika kitabu chake cha Zanzibar kilichotoka mwaka 1872. Burton ana dharau ambayo sitaitetea. Hata hivyo, safari yake haiishii kwenye mwamba. Kuna mvua, kuna miguu inayouma, kuna mzee Kimweri anayetaka wageni wampe dawa ya uzee wake. Mlima wake una mwenyewe, na mwenyewe ana shida zake. Ni ajabu kusema hivi, lakini mwaka 1857 Usambara ya mgeni mwenye kiburi ilikuwa na watu wengi kuliko Usambara ya mwenzangu wa Dar es Salaam aliyepanda Jumamosi iliyopita.

Au chukua yale matuta. Kila mwandishi wa Lushoto huyapenda matuta ya mashamba, huyaita ngazi za kijani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, wanawake wengi waliibeba, na watu waliona ardhi yao inapungua na utumwa unarudi kwa mlango mwingine. Wakagoma, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Sidai kwamba kila ngazi unayoiona leo ni ya amri ile. Mengi yamechimbwa baadaye kwa hiari. Lakini mwandishi anayeuona mteremko uliochongwa asijiulize ni jembe la nani, huyo hajafika, hata kama simu yake imeandika kimo sahihi.

Bibi yangu mzaa mama anaishi kwenye kijiji kilicho juu ya nyika hiyo hiyo. Nilimwonyesha kwenye simu makala moja ya Irente yenye picha nzuri kweli, jua likizama, msichana amekaa ukingoni amening'iniza miguu. Akaitazama kwa muda.

"Huyu hana mtu wa kumwambia atoke hapo?"

Nikamweleza kwamba watu hufuata kutazama kule chini.

"Kule nyika? Kule walikuwa wanashushwa watu, mjukuu wangu. Sisi tulikatazwa kukaa ukingoni." Kisha akauliza kama nimekula.

Sijui katazo hilo lilitoka kizazi gani, na sitaligeuza kuwa ushahidi. Nalileta kwa sababu ni uhakiki mfupi na mkali kuliko wangu. Kwa bibi ukingo ni mahali unapoonekana, si mahali pa kuonea.

Rafiki yangu mmoja darasani hunipinga hapa. Anasema kizazi chetu ndicho cha kwanza kupanda milima hii kwa raha, bila mzigo, bila kukimbia mtu, na kwamba raha hiyo nayo ni historia. Kwa nini niwadai wapandaji mtihani? Hoja yake naiheshimu. Basi la vijana linalopanda toka Mombo Ijumaa usiku, wamejazana na mabegi na spika, ni jambo jipya na linanifurahisha. Ninachokataa ni kwamba raha lazima iandikwe kwa kufumba macho. Raha ya kutembea iko kwenye magoti, kwenye matope ya Machi, kwenye bei ya plamu barabarani, kwenye salamu ndefu ambazo Msambaa hatakuruhusu uziruke hata ukiwa umechelewa. Ukiyaweka hayo utajikuta tayari unaandika kuhusu watu.

Kisha kuna kushuka. Toka juu hadi nyikani zipo njia za miguu, na wanaozijua hasa ni wale wanaoteremsha mazao sokoni. Katika makala zote nilizokusanya, hakuna hata moja inayoshuka. Mwandishi yuko ukingoni, jua linazama, aya inafungwa. Aya inayofuata yuko nyumbani. Ningependa kusoma moja iliyoandikwa kwa mwendo wa kuteremka, macho yakiwa kwenye jiwe linalofuata, joto likipanda shingoni kidogo kidogo, hadi Mazinde ipate milango, na mtu mlangoni aulize umetoka wapi.